Siku Yaya Alipolifunga Jua

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, saa tisa alasiri. King'ora cha kiwanda cha chai kilikuwa kimelia muda mfupi tu kabla, ndiyo maana naijua saa. Nilipokuwa mtoto sikuwa mtu wa kuhesabu saa. Siku zangu nyingine zote nazikumbuka kwa mvua au kwa njaa, lakini ile naikumbuka kwa saa yake. Kabla ya hapo nilikuwa na yaya. Baada ya hapo sikuwa naye.

Yaya, ndivyo sisi watu wa Katanga, kule Kongo, tunavyomwita ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Wangu aliitwa Fidele. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye kucheka ovyo, na rozari ya mbao shingoni ambayo hakuivua hata alipooga ziwani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Tulikuwa wageni Zambia. Tulivuka Ziwa Mweru kwa mtumbwi tukikimbia vita, tukapokelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani pamoja na wengine, kisha tukapewa kiwanja cha kulima si mbali na Nchelenge. Baba alibaki ng'ambo, ardhini. Tuliovuka tulikuwa wanne: Kambo, yaani bibi yetu, Mama, Yaya, na mimi. Mwaka ule muhogo wetu ulikuwa bado mchanga, kwa hiyo Mama alipanda kule juu Kawambwa kuchuma chai. Alikaa huko katika nyumba za wachumaji.

Siku moja mama mmoja muuza samaki akatuletea habari. Mama ana homa, haamki, na hana mtu wa kumpa maji.

Kambo akasema, "Fidele ataenda kumuleta. Na huyu mutoto ataenda naye."

"Kambo, huyu atanichelewesha," Yaya alisema. "Miguu yake iko kama ya kuku mugonjwa."

"Kijana peke yake njiani ni mwizi. Kijana na mutoto ni ndugu. Utaenda naye."

Basi ikawa hivyo. Nimewaza mara nyingi jinsi nilivyotumwa niwe ulinzi wake.

Hapa lazima nieleze jambo la nyasi, kwa sababu yote yalitoka humo. Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Pweto, mtu akiwa safarini na jua likianza kumkimbia, husimama, hushika nyasi ndefu za kando ya njia na kuzifunga vichwa pamoja. Halafu huliambia jua, ningojee. Huondoka bila kugeuka nyuma. Wazee wanasema jua huona fundo na hupunguza mwendo. Tulipokimbia vita, Kambo alifunga nyasi njia nzima, nasi tulifika ufukweni kukiwa bado na mwanga, tukauona mtumbwi wa mwisho. Waliokuwa nyuma yetu walifika gizani. Sitasema kwamba nyasi ndizo zilizotuokoa. Nilisali rozari njia nzima, na Mungu anajua alichokisikia. Lakini Yaya aliamini vyote viwili, rozari na fundo, wala hakuona kwamba vinagombana.

Asubuhi ya kuondoka Kambo alimshika mkono.

"Ukifunga, urudi ufungue," alimwambia. "Kule hapana kwetu. Fundo halimujui mwenye kulifunga. Mutu akilikuta, atalipatia mwenyewe anayemutaka."

"Nimesikia, Kambo."

"Umesikia na masikio ao na kichwa?"

"Na tumbo," Yaya akasema, kwa sababu alikuwa anatafuna muhogo. Kambo akampiga kofi la mgongoni, naye akacheka. Ndilo pigo la mwisho alilopigwa kwa upendo.

Tulipanda lori la samaki hadi Mwansabombwe, tukalala kwa mama mmoja wa parokia. Barabara ya kupanda mlima ilikuwapo, lakini ilikuwa na kizuizi, nasi hatukuwa na ruhusa ya kutembea mbali na kambi. Kwa hiyo alfajiri tulishika njia ya miguu. Yaya alibeba mfuko wa chisense, dagaa wadogo wa Mweru, zawadi kwa waliomhifadhi Mama. Mimi nilibeba chupa ya maji.

Njia ile haikuwa njia. Ilikuwa mawazo ya watu wengi ambao hawakukubaliana. Ilipanda kwenye mawe, ikagawanyika kwa ajili ya mbuzi, ikagawanyika tena kwa ajili ya watafuta uyoga, ikaingia mtoni na kutokea mahali pengine. Tuliambiwa tufuate vitambaa vyekundu vilivyofungwa kwenye miti. Tuliona kimoja, tukaona cha pili, halafu hatukuona kitu. Tulimkuta mchoma makaa mmoja, Mbemba kwa kabila, mzee mwenye meno machache, aliyejua Kiswahili cha biashara.

"Batata, vitambaa vyekundu viko wapi?" Yaya akamuuliza kwa heshima, akimwita baba kwa Kibemba.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Vilikuwa kwa miti. Miti tulikata. Alama yenu, mama mumoja pale Mwansabombwe amepika nayo nshima, ndiyo ugali."

"Sasa tupite wapi?"

"Pandeni tu. Mukishuka, mumepotea."

Tulipanda, na bado tulipotea. Tulifuata kijito kilichotupeleka kwenye jabali, tukarudi, tukaanza upya. Nilianguka na goti likachubuka. Yaya alinibeba mgongoni kipande kirefu, akinitukana kwa kila jiwe, "Weye gunia! Weye kanisa la matofali!" mpaka nikasahau kulia. Tulipotoka kwenye msitu, mchana ulikuwa umegeuka. Yaya akatazama juu, akaacha kucheka.

"Mama iko anatungojea," alisema. "Usiku hautatukuta huku."

Akafunga nyasi za kwanza pale msitu ulipokwisha. Mbele kidogo akafunga za pili. Kisha tukaingia kwenye chai.

Mtu ambaye hajaingia kwenye chai hawezi kujua. Kwa mbali ni nzuri, kama mkeka wa kijani uliotandikwa juu ya vilima. Ukiwa ndani, kila mstari ni kama mwingine. Vibao vya kuonyesha vipande vya shamba vilikuwa vimeliwa na mchwa, na vijia vilikatana kila upande. Kilima kimoja kilitupeleka kwenye kingine kinachofanana nacho. Na nyasi hazikuwapo, maana shamba la chai hupaliliwa. Yaya alitafuta nyasi kwa macho, akakosa. Ndipo akashika matawi mawili machanga ya chai, la mti huu na la mti wa pili, akayafunga pamoja. Akaliambia jua, ningojee.

Nakumbuka nilihisi vibaya kidogo. Nyasi ni za Mungu, lakini chai ina wenyewe. Alifunga mahali pengine, na pengine tena, kila tulipofika njia panda.

Halafu tukafika juu ya kilima cha mwisho, tukaona mabati ya nyumba za wachumaji, moshi, na karibu nasi mti mkubwa wa mkaratusi ambao watu walikuwa wamekaa chini yake na makapu yao. King'ora kikalia. Yaya akaweka mfuko chini, akafanya ishara ya msalaba.

"Tumefika! Unaona? Jua limengoja." Kisha akajipiga paji la uso. "Mafundo."

"Tutafungua tukirudi na Mama," nikamwambia.

"Tukirudi na Mama tutaomba lori. Hatutapita tena huku. Kambo alisema nifungue." Akanionyesha pa kukaa, kando ya kijia. "Ya nyasi ni ya porini, hainisumbui. Ya chai iko karibu. Kaa hapo, usitembee, kuku mugonjwa."

Akarudi kuinama kwenye chai. Lile la karibu lilikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Alikuwa anatii.

Mvua ya mlimani haibishi hodi. Wingu lilikuja kutoka nyuma yetu, upande wa ziwa, jeusi, na jua likazimika kama taa iliyopulizwa. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Nikamwita Yaya. Akasema, "Nakuja, fundo limekaza."

Radi ilipiga mkaratusi. Sikusikia sauti kwanza, niliona weupe tu, na harufu ikaja kama ya chuma kilichoungua. Kisha sauti ikanitupa chini. Niliponyanyua kichwa, nusu ya mti ilikuwa imelala, na watu walikuwa wanakimbia kila upande, na katikati kulikuwa na wasiokimbia. Mmoja wao alikuwa msichana, mkubwa kuliko mimi kidogo tu, amelala na kapu lake bado mgongoni.

Mama yake alikuwa amepiga magoti juu yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Bana Mulenga, mama yake Mulenga, na Mulenga ndiye yule aliyelala. Alimtikisa. Alimpuliza mdomoni. Alimwita. Kisha akanyanyua uso, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, na macho yake yakamkuta Yaya.

Yaya alikuwa peke yake katikati ya chai. Watu wote walikuwa wamekimbia mvua isipokuwa yeye. Alikuwa ameinama, mikono yote miwili kwenye fundo.

Yule mama akanyoosha kidole. "Muloshi!" alipiga kelele. Mchawi. Kwa Wabemba, kama kwetu, watu wengi husema radi haiji bure, inatumwa na mtu.

Walikuja kupitia chai, wakivunja matawi. Wengi walishika zile fimbo ndefu zilizonyooka ambazo mchumaji huzilaza juu ya chai ili achume kwa usawa. Mwanamume wa mbele alimfikia Yaya, akaona fundo, akaliinua juu na matawi yake ili wote waone. Mwingine akapiga kelele kwamba amekuta jingine chini kule. Hapo hapakuwa tena na swali.

Yaya alijua Kibemba kidogo tu, cha soko. Aliinua mikono. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kweli tupu, "Si uchawi! Nilifunga jua! Jua tu!"

Palikuwa na mtu mmoja aliyejua lugha yetu. Akawatafsiria wenzake. Anasema amelifunga jua.

Watu wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Wakamwona amekiri.

Pigo la kwanza lilimpata shingoni. La pili lilikata uzi wa rozari, na shanga zikaruka kwenye majani. Nilidhani mtu akipigwa hulia, lakini Yaya hakulia, alisema tu "ngojeni, ngojeni," kama mtu anayewaomba wenzake wasiondoke bila yeye. Walimpiga mikono aliyojikingia, kisha wakampiga pale ambapo mikono haikufika. Fimbo zikavunjika, wakatumia vipande. Mtu mmoja alikuwa na panga la kupogolea, na alilitumia kwa ubapa, kisha hakulitumia tena kwa ubapa. Mvua iliosha damu haraka sana, ikaja nyingine. Nimeona vita. Vitani watu walioua hawakutujua wala hawakututazama. Hawa walimtazama usoni. Wengine walikuwa wanalia huku wanapiga.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kando, pale aliponiambia nisitembee. Mtu akaniona. Akasema, na huyu? Fimbo ikageuka.

Yaya alikuwa amepiga magoti, jicho moja limefumba. Alinitazama kwa lile lililobaki. Akatema damu, akasema polepole ili asikike, "Huyu simujui. Ni mutoto wa hapa."

Yule mwenye lugha akatafsiri. Wakanitazama. Nilikuwa na kitenge cha Kongo, na goti lenye damu ya njiani, na uso ambao hawajawahi kuuona.

Ndipo Bana Mulenga akaja. Alikuwa amemwacha mwanawe chini ya mti. Alikuwa na kapu mkononi, lile la Mulenga, limeungua ukingoni. Alinitazama kwa muda. Alijua mimi si wa pale, maana mlima ule aliujua wote na watoto wake wote. Akanifunika kapu kichwani mpaka mabegani, akanivuta tumboni kwake, akasema, "Uyu mwana wandi." Huyu ni mtoto wangu.

Hakuna aliyebisha. Nani angembishia mama saa ile?

Ndani ya kapu niliona kwa matundu tu, vipande vya miguu na majani. Nilisikia sauti za kupiga zikipungua. Kisha nikasikia mvua peke yake. Yule mama akanishika mkono, akanipeleka kwenye mlango wa Mama, yule Mkongo mgonjwa waliyemjua wote, akanisukuma ndani, akarudi kwa mwanawe.

Mama alikuwa kwenye mkeka, macho mekundu ya homa. Akauliza, "Umekuja na nani?"

Hata leo swali hilo sijalijibu vizuri.

Polisi walikuja kesho yake. Watu walihojiwa, na baadhi walichukuliwa. Yale ni mambo ya serikali, sikuyafuata. Mama alipona. Tuliteremka na Yaya kwa ile barabara tuliyoikwepa, ndani ya gari, naye amefunikwa turubai, na pale kwenye kizuizi hakuna aliyetuuliza ruhusa.

Tulipofika, Kambo alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa mbele ya nyumba anafungua. Alifungua kamba ya kuku mguuni, akamwacha aende. Alifungua mafungu ya kuni na mdomo wa gunia la unga, akafungua na kilemba chake. Alifungua mpaka kucha zikatoka damu, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Tangu siku ile mpaka tulipomzika, mwaka huu baada ya Pasaka, hakufunga tena kitu. Kitenge alikishika kwa mkono. Watu wa kambi walidhani ni uzee. Alipokufa, akina mama waliomwosha walitaka kumfunga taya kwa kitambaa kama ilivyo desturi. Nikawaomba wasifunge. Nilimshika taya kwa mkono wangu mpaka likakaa lenyewe.

Sasa mimi pia ni mama. Nauza chisense sokoni Nchelenge, na kila siku nafunga mifuko, maana samaki asiyefungwa humwagika. Katekista wetu anasema mambo ya nyasi ni ya kipagani, na mimi sibishani naye. Sidhani kwamba jua lilimsikia Yaya. Wala sidhani kwamba chai iliita radi. Lakini neno la Kambo lilitimia. Fundo halikumjua Yaya. Watu walilikuta siku waliyokuwa na uchungu usio na mwenyewe, wakampa.

Lililonikaa zaidi si hilo. Jogoo wetu akiwika alfajiri, namkumbuka Petro, aliyesema simjui ili ajiokoe, akalia kwa uchungu. Yaya alisema simjui ili mimi niokoke, na hakupewa nafasi ya kulia. Na yule mama aliyemnyooshea kidole ndiye aliyenifunika. Kwa miaka mingi nilijaribu kuwatenga, yule wa kidole na yule wa kapu, ili nimchukie mmoja na kumshukuru mwingine. Sikuweza. Ni mkono mmoja. Watu bado wanamwita kwa jina la mwanawe. Kila mwezi wa pili nampelekea chisense kwa wachuuzi wanaopanda. Hajawahi kuleta neno, lakini mfuko hurudi, umefuliwa na kukunjwa.

Ee Mungu, jua ni lako, nasi tulikuomba kwa njia tulizozijua. Mkumbuke Fidele, aliyenikana kwa upendo. Usimwulize alichofunga, mwulize alichokuwa anafungua. Mkumbuke Mulenga, aliyekufa na kapu mgongoni, umtue mzigo. Mkumbuke Kambo wetu, uipumzishe mikono yake. Na sisi tuliobaki, yule mama wa mlimani, na mama yangu, na mimi, utungojee kidogo, tusifike kwako gizani. Wote walio na fundo ambalo hawakulifunga, uwafungulie. Amina.